Mto Huchaguliwa Ukiwa Bado Barafu

Mwezi Februari, Mto Mackenzie ulioko kaskazini-magharibi mwa Kanada hugeuka barabara. Barafu yake ni nene kiasi kwamba magari hupita juu, na mito ya milimani inayoumiminia maji imefunikwa na theluji. Huo ndio msimu ambao safari za mitumbwi za Julai huamuliwa. Kampuni za kuongoza safari zinakodi ndege ndogo zinazotua majini, waongozaji wanakunjua ramani mezani, na wageni kutoka Toronto, Ujerumani au Marekani wanalipa amana kwa ajili ya mto ambao wengi wao wameuona pichani tu.

Hapa hatuzungumzii matembezi ya saa mbili ndani ya boti la mpira, jioni mtu akarudi hotelini. Kundi la watu kama kumi hushushwa kando ya ziwa lisilo na barabara wala kijiji, likiwa na mitumbwi, mahema na mapipa ya plastiki yaliyojaa chakula cha wiki mbili au tatu. Ndege ikishaondoka, njia ya kurudi nyumbani inabaki moja: kuufuata mto hadi mwisho wake kwa nguvu ya kafi, watu wawili katika kila mtumbwi, mmoja omo na mwenzake tezi. Kuna siku za maji tulivu, kuna saa za maji makali yenye mawe na mawimbi, na kuna mahali ambapo mtumbwi haupiti kabisa, unabebwa mabegani pamoja na kila kilichomo.

Kwa hiyo kuchagua mto ndio uamuzi mkubwa kuliko yote ya safari, na hufanywa mapema kuliko yote, na watu ambao aghalabu hawajaonana uso kwa uso. Wengi huchagua kwa jina na kwa picha. Mimi nashikilia kuwa mto wa porini uchaguliwe kwa kumtazama aliye dhaifu kuliko wote katika kundi, na kwa kuuliza nini kitafuata baada ya mtumbwi wake kupinduka. Uzuri wa korongo na umaarufu wa poromoko vingoje zamu yao.

Chukua South Nahanni, unaotajwa kuliko mito mingine yote katika shughuli hii. Unatiririka zaidi ya kilomita 500 katika Milima ya Mackenzie kabla ya kuingia Mto Liard, karibu na kijiji cha Nahanni Butte. Katikati yake kuna Virginia Falls, ambayo Wadene wenye eneo hilo huiita Náįlįcho. Maji yake huanguka zaidi ya mita 90, karibu mara mbili ya Niagara. Waziri Mkuu Pierre Trudeau aliutembelea mto huu mwaka 1970, wakati ambapo kulikuwa na watu walioliona poromoko lile kama mahali pa kujenga bwawa la umeme. Miaka miwili baadaye mto ukawekwa chini ya hifadhi ya taifa. Mwaka 1978 ukawa miongoni mwa maeneo ya kwanza kabisa duniani kuingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na mwaka 2009 hifadhi ikapanuliwa hadi kufikia kilomita za mraba zipatazo 30,000, ukubwa unaokaribiana na ule wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere nchini Tanzania.

Mgeni anayesema anataka kwenda Nahanni bado hajachagua kitu, kwa sababu ndani ya jina hilo kuna safari tatu zisizofanana. Anayeanzia kwenye vidimbwi vya Moose Ponds, karibu na mpaka wa Yukon, anakutana na mto mchanga, mwembamba, wenye mawe kila upande. Kuna kipande cha kilomita zipatazo 50 kiitwacho Rock Gardens ambacho maji yake makali hufuatana karibu bila kupumzika. Pale mwongozaji hawezi kupiga kafi kwa niaba ya mtu. Anaweza kutangulia, kuonyesha njia na kusubiri chini, lakini mtumbwi wa mgeni una watu wawili tu, na kila uamuzi ni wao, tena wa papo kwa papo: kushoto, kulia, kukaza, kulegeza, kujificha nyuma ya jiwe kubwa ambako maji hugeuka na kutulia. Safari hii huchukua kama wiki tatu, na inamfaa aliyekwisha kujifunza mtumbwi wa maji makali kwingine.

Wa pili hushukia Ziwa Rabbitkettle, chini zaidi. Mto tayari umekua, mpana na wenye mwendo mzuri, na kwa takriban kilomita 120 hadi Virginia Falls hakuna jambo kubwa la kutisha. Wageni hupata siku kadhaa za kuzoeana na mtumbwi, na zaidi ya hapo kuzoeana wao kwa wao, kwani mtu wa omo na mtu wa tezi wasioelewana huzama hata palipo shwari. Baada ya hapo wanabeba vyombo vyao kwa zaidi ya kilomita moja kulizunguka poromoko, kisha wanaingia kwenye makorongo.

Wa tatu husafirishwa na ndege hadi kando ya poromoko lenyewe. Hii ndiyo safari fupi, ya wiki moja na kitu, na ndiyo inayowavutia watu wenye likizo ndogo. Itazame vizuri. Chini tu ya poromoko huanza Korongo la Nne, ambako mto mzima umebanwa na kutupa mawimbi marefu. (Makorongo ya Nahanni yamehesabiwa kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo anayeteremka hukutana na la nne kwanza.) Mbele yake pako mahali paitwapo Figure Eight, ambapo mto hugonga ukuta wa mwamba na kugawanyika katika vizingia viwili. Mgeni wa safari fupi anayafikia maji hayo mwanzoni kabisa mwa safari, mikono yake ikiwa bado na uzito wa ofisi. Mgeni wa Rabbitkettle anayafikia akiwa na siku nyingi za kafi nyuma yake. Mto ni ule ule, wiki ni ile ile, na mmoja yuko salama zaidi ya mwenzake. Ningekuwa na uwezo, ningeliandika jambo hili kwa herufi kubwa katika kila kijitabu kinachouza Nahanni, maana watu huamini kwamba safari fupi ndiyo nyepesi.

Maji makali hupimwa kwa madaraja, kuanzia la kwanza hadi la sita. La kwanza ni mawimbi madogo ambayo anayeanza huyapita akicheka. La sita ni pale ambapo hata mabingwa hupita kwa nadra na kwa hatari ya roho zao. Wasomaji waliowahi kupanda boti la mpira pale Jinja, Uganda, au Sagana, Kenya, wanayajua madaraja haya kwa kuwa kipimo hicho hicho hutumika. Na hapo ndipo penye mtego. Anayetumbukia katika daraja la tatu la Mto Nile anaibuka kwenye maji ya uvuguvugu, huku kayaki za uokoaji zikimsubiri chini, na barabara ya kwenda hospitali haiko mbali. Anayetumbukia katika daraja la tatu la Mountain River, mto mwingine wa Milima ya Mackenzie wenye makorongo yanayofuatana, anaibuka katika maji yaliyotoka kwenye theluji siku chache zilizopita, na nguo zake kavu zimo ndani ya mtumbwi unaokwenda zake bila yeye. Mwongozo wa zamani wa chama cha Marekani cha American Whitewater ulieleza waziwazi kwamba maji yakiwa chini ya nyuzi joto 10 za Selsiasi hivi, au safari ikiwa ndefu na ya porini, mto uhesabiwe daraja moja juu. Kwenye mito ya kaskazini masharti yote mawili hutimia mara nyingi. Anayejiamini kwa daraja la tatu nyumbani, basi huko kaskazini ajitafutie la pili.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuchunguza mwili wa binadamu katika baridi, amewarahisishia watu kukumbuka kwa tarakimu tatu: moja, kumi, moja. Aliyeanguka katika maji ya barafu ana dakika moja ya kuituliza pumzi inayomtoka ovyo, dakika kumi za kuweza kuitumia mikono na miguu yake kwa kitu chenye maana, na saa moja hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa sababu mwili umepoa mno. Dakika kumi hizo ndizo anazozipigia hesabu mwongozaji anapotazama maji makali. Haulizi tu kama mawimbi yanapitika. Anauliza chini yake kuna nini. Bwawa tulivu ambamo mtu, mtumbwi na kafi vitaokotwa pamoja? Au mkondo mwingine wa mawe, kisha mwingine, kisha kona ambayo nyuma yake hapaonekani? Daraja la tatu linaloishia kwenye bwawa tulivu ni zawadi. Daraja la pili linaloishia juu ya poromoko ni mahali pa kubeba mtumbwi, hata kama kila mtu kundini ana hakika ya kupita.

Ushahidi wa jambo hili haukosekani. Mwaka 1955 Mmarekani Arthur Moffatt aliongoza vijana watano kushuka Mto Dubawnt, katika nyika isiyo na miti ambayo sasa ni ya Nunavut, akifuata njia iliyopitwa na mpimaji Tyrrell mwaka 1893. Moffatt hakuwa mgeni wa mitumbwi. Alikuwa amekwisha kushuka Mto Albany wa Ontario mara kadhaa. Lakini Albany iko kusini zaidi, msituni, penye kuni za kuota na majira marefu. Dubawnt ina maziwa makubwa ambayo upepo humzuia msafiri kwa siku nzima nzima, na kiangazi chake ni kifupi. Kundi lilichelewa, chakula kikapungua, Septemba ikaingia na theluji. Tarehe 14 Septemba, wakiwa na haraka ya kufika Baker Lake, waliingia kwenye maji makali bila kuteremka kwanza kuyakagua kwa miguu. Mitumbwi ikapinduka, na Moffatt akafa kwa baridi. Wenzake walifika Baker Lake siku chache baadaye.

Watu hupenda kulizungumza tukio hilo kama kosa la dakika moja juu ya maji. Mimi naliona kama kosa la mezani. Siku za ziada zilipaswa kuwekwa kwenye ratiba kabla safari haijaanza, na mto ulipaswa kuhesabiwa kwa siku zake mbaya. Mwongozaji makini wa leo akipanga safari ya kilomita 300 hagawanyi tu kwa mwendo wa siku nzuri. Anaweka siku za upepo, siku za mvua, siku ya mgonjwa, na siku ambayo mto umejaa na hakuna la kufanya ila kunywa chai na kusubiri. Mto usioruhusu siku hizo, kwa sababu ndege imepangwa tarehe fulani na likizo za wageni zimekwisha, huo haufai kwa kundi hilo.

Kabla ya kuhesabu siku, mwongozaji anahesabu mteremko. Ramani za serikali ya Kanada za kipimo cha 1:50,000 zina mistari ya kontua, na kila mahali mstari unapoukata mto pana habari. Tuseme mto umeshuka mita 20 katika kilomita 10. Wastani ni mita mbili kwa kilomita, jambo ambalo mtumbwi unaliweza. Lakini wastani hauelezi maji yameshukaje. Huenda yameteremka sawasawa kilomita zote kumi, safari ya raha. Huenda pia kilomita tisa na nusu ni bapa kama sakafu, halafu mita zote 20 zinaanguka mahali pamoja. Ndiyo maana ramani husomwa pamoja na picha za setilaiti, ambapo maji makali huonekana kama madoa meupe, na pamoja na shajara za waliotangulia. Waswahili walikwisha kusema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake, na kwa mto usioufahamu hakuna ramani inayomzidi mtu aliyeupita.

Tofauti hii ya namna maji yanavyoshuka ndiyo inayoigawa mito ya Kanada katika jamaa mbili kubwa. Upande wa mashariki na katikati kuna mwamba mkongwe unaoitwa Ngao ya Kanada, na mito yake hushuka kwa ngazi: ziwa, kizingiti cha mwamba, bwawa, kizingiti tena. Dumoine ya Quebec ni ya jamaa hii, na Petawawa inayopita katika hifadhi ya Algonquin huko Ontario pia. Hapo mtu akipinduka kwa kawaida anaokotwa kwenye bwawa linalofuata, maji ya Julai na Agosti huwa na joto la kustahimilika, na pembeni ya kila kizingiti kikubwa kuna njia ya kubebea mitumbwi iliyokanyagwa na wenyeji Waanishinaabe kwa vizazi na vizazi kabla ya mfanyabiashara wa manyoya kutia mguu. Sioni sababu ya mtu kwenda Nahanni kabla ya kupita shule hii. Mto Madawaska, saa chache tu kwa gari kutoka Ottawa, umewafundisha watu wengi kuvuka mkondo kwa mshazari na kuingia nyuma ya jiwe bila kupinduka, tena katika maji yasiyoumiza. Ndugu zetu wazungumzaji wa Kiswahili walioko Ottawa, Toronto na Montreal, nao ni wengi, wanaishi karibu na mito hii bila kuijua.

Jamaa ya pili ni mito ya milima ya magharibi. Hiyo haina ngazi. Inateremka mfululizo juu ya kokoto, inagawanyika na kuungana tena, inakula kingo na kuangusha miti ambayo matawi yake hulala juu ya maji kwenye kona. Mti wa namna hiyo ni adui mkubwa kuliko wimbi, kwa sababu maji hupita katikati ya matawi lakini mtu hapiti. Hakuna daraja linalouonyesha, na ramani haiujui, kwani haukuwapo mwaka jana. Pia mito hii hujaa ghafla. Milima ni ya mwinuko mkali, udongo ni haba, na sehemu kubwa ya ardhi chini yake imeganda, hivyo mvua hainywewi, inakimbilia mtoni. Mtu analala kando ya mto wa kijani unaoonyesha mawe ya chini, anaamka kando ya mto wa rangi ya udongo unaobeba magogo.

Hivyo mto ule ule ni mito kadhaa kwa mwaka mmoja. Juni theluji inayeyuka na maji ni mengi. Agosti yamepungua, mbu na visubi wamepungua pia, lakini usiku umeanza kuuma. Idara ya serikali iitwayo Water Survey of Canada ina vituo vya kupima maji kwenye mito mingi, kikiwamo kimoja juu ya Virginia Falls, na takwimu zake za mita za ujazo kwa sekunde huonekana kwenye intaneti kwa mtu yeyote. Kampuni nzuri inayo kumbukumbu: kiwango hiki tulipita kushoto, kiwango kile tulibeba, juu ya hapo tulisubiri.

Kaskazini zaidi, ambako miti inaisha, kuna mito ya tundra. Thelon ni wa upole kwa sehemu kubwa, na watu huuendea kwa ajili ya wanyama wa pori la akiba lililotengwa tangu mwaka 1927: ng'ombe-maski, makundi ya karibuu, mbwa-mwitu. Coppermine, wenye urefu wa kilomita zaidi ya 800, una maji makali ya kweli karibu na mwisho wake, kabla ya kuingia Bahari ya Aktiki pale Kugluktuk. Samuel Hearne alifika huko mwaka 1771 akiongozwa na Matonabbee, kiongozi wa Wachipewyan, ambaye bila yeye Mwingereza huyo asingefika popote. Kwenye tundra anayetawala ni upepo. Atakayeuchagua mto huko kwa kuangalia madaraja ya maji peke yake ataisoma nusu ya kitabu.

Mto ambao naona hautajwi vya kutosha ni Keele. Uko katika milima ile ile ya Mackenzie, unafikiwa kwa ndege kutoka Norman Wells, na unaingia Mackenzie juu ya kijiji cha Tulita. Ni mpana, una mwendo mkali lakini usio na hila nyingi, na mtu mwenye mafunzo machache anaweza kuushuka chini ya mwongozaji huku milima ile ile ya fahari ikimzunguka. Hauna poromoko la kuwekwa kwenye kalenda, basi majina makubwa yanaupita. Wadene wa milimani waliijua thamani yake muda mrefu. Walikaa milimani majira ya baridi wakiwinda, na majira ya kuchipua, barafu ilipopasuka, walishona ngozi mbichi za mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu aitwaye moose kwa Kiingereza, wakazitandika juu ya fremu ya miti, na kushuka na familia nzima, mbwa na nyama kavu hadi kwenye vituo vya biashara. Walipofika walizitoa ngozi na kuzitumia tena. Mwaka 1982 ilitoka filamu ya Raymond Yakeleya, The Last Mooseskin Boat, iliyomwonyesha mzee wa Kidene Gabe Etchinelle akiijenga boti ya namna hiyo. Watu wale walibeba watoto na vikongwe. Hawakuwa wanatafuta msisimko. Walichagua mto uliowafikisha wote.

Kuna jambo jingine linaloingia katika uchaguzi, nalo ni kama mto wenyewe bado upo. Nahanni iliponea chupuchupu. Rupert ya Quebec, uliokuwa mto wa mitumbwi wa kupigiwa mfano na njia ya maisha ya wenyeji Wakrii kwa karne nyingi, haukuponea: mwaka 2009 sehemu kubwa ya maji yake iligeuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme. Jinja wanayajua haya. Bwawa la Bujagali lilipokamilika mwaka 2012, maji makali ya Bujagali yalikuwa yamezama, na lile la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, likameza mengine. Umeme unahitajika, sikatai hilo, na mwenye nyumba isiyo na taa ana haki ya kuuliza mawimbi yana faida gani. Lakini mto uliogeuzwa haurudishwi kwa kampeni, na idadi ya watu wanaoufahamu mto kwa miguu na mikono yao ndiyo sauti pekee uliyo nayo siku ya kuamuliwa. Kila kundi linaloshuka Nahanni kwa adabu linaongeza sauti hiyo, na Wadene wa Dehcho, wanaoshirikiana na serikali kuisimamia hifadhi, wanalielewa hilo vyema.

Basi kwa anayefikiria kwenda, au mwenye mtoto aliyeko Kanada anayeshawishiwa na rafiki zake, kuna maswali ya kuuliza kabla ya kulipa amana. Ulizeni safari inaanzia wapi hasa, na maji makali ya kwanza yanakuja siku ya ngapi. Ulizeni siku ngapi za ziada zimewekwa. Ulizeni waongozaji ni wangapi kwa wageni wangapi, wana mafunzo gani ya huduma ya kwanza ya porini, na mara ya mwisho waliupita mto huo lini. Ulizeni kama mitumbwi ina turubai la kuifunika juu ili mawimbi yasiijaze, na simu ya setilaiti iko kwa nani. Kisha mwambieni mwongozaji ukweli kuhusu nafsi zenu: kama mnaogelea, kama magoti yanauma, kama hamjawahi kulala hemani. Mwongozaji mzuri atauliza haya mwenyewe kabla hamjayasema, na huenda akawaelekeza kwenye mto mdogo kuliko mliouomba, hata kama bei yake ni nafuu na yeye anapata kidogo.

Na ulizeni mwaka gani waliubeba mtumbwi mahali ambapo kwa kawaida hupita. Kampuni itakayojibu kwa mifano, kwamba kiangazi fulani maji yalipanda wakangoja siku mbili juu ya korongo, au kwamba kundi fulani lilikuwa limechoka wakaubeba mzigo wote kwa miguu huku wageni wakinung'unika, hiyo ipeni fedha zenu. Itakayosema kwamba wao hupita daima, tafuteni nyingine. Februari bado ndefu.